Kusema "Sina" Ilhali Unazo

Mtu anayetaka kumaliza mkopo wake kabla ya muda ana neno moja linalomlinda kuliko bajeti yoyote: sina. Binamu kaja, sina. Mchango wa harusi, sina. Fedha ipo, anaiona kwenye simu, lakini keshaipangia benki. Nimekuwa nikijiuliza, hivi huyo anasema uongo?

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mazungumzo ya deni huwa porojo. Chukua mkopo wa shilingi milioni 10 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio linalobaki, kwa miaka mitano. Rejesho linakuja kama 243,000 kwa mwezi. Katika rejesho la kwanza, 133,000 na ushei ni riba. Deni lenyewe limepungua kwa 110,000 tu. Ukiamua kuumaliza kwa miaka mitatu unaongeza kama 108,000 kila mwezi, na mwisho wa safari umeokoa karibu milioni 1.9. Kwa mwalimu hizo si hela za kuchezea. Wanaohubiri uhuru wa kifedha wana hoja, na mimi ni mmoja wao: nyumba yangu hapa Mtae ina mkopo, na kila mwezi naongeza juu ya rejesho.

Nyumba yenyewe, lakini, haiko rehani. Huku kwetu watumishi wengi huweka mshahara. Ardhi ya kijiji ambayo haijapimwa haimshawishi ofisa mikopo. Hati ya mshahara inamshawishi mara moja, mradi theluthi ibaki. Wasio na mshahara wanajenga kwa mtindo wao: mwaka huu tofali, mwakani msingi, kabichi zikipata bei, bati. Inaweza kuchukua miaka kumi, na hakuna anayewadai. Huwa nawatania kwamba wao ndio waliofika kwenye uhuru wa kifedha kabla yetu. Utani una mpaka wake, maana karoti zikikosa soko, ukuta unapigwa na mvua na ukungu wa Usambara mwaka mzima bila paa.

Mwaka 1845 Henry David Thoreau alijijengea kibanda kando ya bwawa la Walden, huko Massachusetts, na katika kitabu alichokitoa 1854 kaorodhesha gharama mpaka nusu senti: dola 28 na senti 12 na nusu. Humohumo anawasikitikia wakulima wa Concord wanaozeeka wakilipia mashamba yaliyowekwa rehani. Wapenzi wa kujitosheleza wanampenda kwa hilo. Wanachokipita haraka ni kwamba ardhi ilikuwa ya rafiki yake, Emerson, na shoka la kukatia miti aliliazima. Yeye mwenyewe anasema alilirudisha likiwa kali kuliko alivyolipokea. Wapo wanaomcheka kwa shoka lile. Mimi naona ndiyo sehemu bora ya kitabu: deni lisilo na riba wala tarehe, likalipwa kwa kunoa.

Dada yangu alipiga simu mwezi uliopita. Mwanawe kachaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa wa mbali. Ada serikali imefuta, sawa, lakini kuna godoro, sare, ndoo, daftari, nauli. Nikamwambia, "Ninazo, ila nimezipangia benki." Akanyamaza kidogo. "Kaka, kwani benki wanazidai leo?"

Swali lake lilifanya kazi ambayo vitabu vyangu havijaifanya. Rejesho la mwezi ni la benki. Nikisema sina kuhusu hilo, nimesema kweli. Ile nyongeza hakuna anayeidai. Ni yangu mpaka dakika ninapoituma. Anayesema "sina" juu ya nyongeza amefanya uamuzi, kisha akauvika nguo za umaskini ili usihojiwe. Uongo wake hauko kwenye kiasi cha fedha. Uko kwenye kumnyima mwombaji nafasi ya kubishana naye. Dada yangu alipewa nafasi hiyo, akaitumia vizuri.

Azimio la Arusha la 1967 tunalikumbuka kwa ujamaa, lakini sehemu yake ya kujitegemea ni insha kali juu ya deni. Linasema mikopo ya nje inajenga zaidi mijini, ila inalipwa kwa fedha za kigeni, na hizo kwa sehemu kubwa zinatoka kwenye mazao ya mkulima. Anayefaidi na anayelipa si mtu mmoja. Nililisoma shuleni kama historia ya taifa. Siku hizi nalisoma kama habari za familia. Nyumba nalala mimi. Nikiharakisha kuilipia kwa hela ambazo zingempeleka kijana shule, basi naye anailipia, na hana hata ufunguo. Tena mimi nilisomeshwa kwa viazi alivyolima mama yake, aliyeishia darasa la saba. Hilo nalo ni deni, lina umri mkubwa kuliko la benki, na aliyenikopesha hajawahi kulitaja. Hata siku ile hakulitaja.

Sisemi kila anayeomba apewe. Ukoo ukijua una mshahara, maombi hayaishi, na mtu aliyekamuliwa na ndugu huishia kwenye mikopo ya kausha damu, hapo hafai kitu kwa yeyote. Mchango wa harusi ya jamaa mmoja nimeukataa mwezi huohuo, na nimemwambia wazi kwamba fedha ipo. Kanuna. Kukopa harusi, kulipa matanga. Sherehe inaweza kupunguzwa mabati ya bia. Lakini shule ina tarehe ya kuripoti, na benki, kwa nyongeza yangu, haina tarehe yoyote. Riba ya mwezi mmoja naijua ni shilingi ngapi. Mwaka wa kijana aliyebaki nyumbani sijui nitaukokotoa kwa asilimia gani.

Nyongeza ya mwezi huu imekuwa godoro, ndoo, na nauli ya basi la alfajiri kwenda Lushoto na huko mbele. Rejesho la kawaida limekatwa tarehe yake. Kuhusu mwezi ujao, dada kashaniambia kijana hana koti.