Kazi Huru na Ukumbi wa Kuinadia

Je, watu walioitoa kazi yao huru wainadi katika ukumbi usio huru? Swali hili ni la haki, wala si la ufundi tu. Blender, programu ya kuchora na kuhuisha picha, ilikombolewa na wapenzi wake mwaka 2002 kwa mchango wa euro 100,000, ikawa huru kwa kila mtu. Video zake ziliwekwa YouTube, ukumbi wa Google, kwa kuwa huko ndiko waliko watazamaji. Mwezi wa Juni, 2018, zilifungwa dunia nzima. Hazikuwa na matangazo ya biashara, na wenyewe hawakutaka kuyatia. Zilifunguliwa baada ya siku chache. Lakini mpangaji aliyekwisha kufungiwa mlango halali tena usingizi mzito.

Blender wakageukia PeerTube, programu huria ya chama cha Framasoft cha Ufaransa. Kila jumuiya huweza kuisimika katika kompyuta yake, na watazamaji wa video moja hupokezana vipande vyake, mzigo ukapungua. Huko hapana mwenye nyumba. Wapita njia nao ni haba, na hasara hii si ndogo: kijana asiyelijua jina la Blender hataitafuta mahali asipopajua. Kumnyima habari ili dhamiri ya mtoaji ibaki safi ni ubahili wa namna yake. Blender hawakuihama YouTube. Waliweka video pande zote mbili. Jumuiya ndogo, isiyo na mtu wa kulipwa, itauliza kwanza nani ataiangalia kompyuta hiyo usiku.