Madhabahu Kabla ya Hekalu
Wayahudi walipopewa idhini na Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 538 kabla ya Kristo, kurejea Yerusalemu, jambo la awali walilolitenda, ilhali wakiwahofu majirani na hekalu lingali magofu, lilikuwa kuisimamisha madhabahu; na msingi wa hekalu jipya ulipotiwa, wazee waliokuwa wameliona hekalu la kale walilia kwa sauti, na wengine wakashangilia, hata isijulikane kipi kilio, kipi kifijo. Hapa jirani na Galu, katika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ambamo mgeni haingii pasi na kujifunga kaniki, wazee wa Kidigo nao husimulia jinsi wahenga wao, walipoihama Singwaya, nchi yao ya asili, walivyochukua fingo, yaani kago lao la ulinzi, na kulizika katika makao mapya. Nami nayaheshimu mno machozi yale ya Yerusalemu, kwani Biblia haisemi kwamba yuko aliyewaamuru wazee wanyamaze.