Tumbo la Mtoto na Deni la Wakubwa

Ni mazoea yetu kwamba mtoto asinziaye darasani huitwa mvivu, na asiyefahamu somo huitwa mjinga. Wachache ndio waulizao: amekula nini asubuhi? Kuhukumu bila ya kuuliza ni dhulma. Basi yafaa tulitazame jambo hili kwa ushahidi.

Ushahidi wetu watoka Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Msomaji wa pwani asidhani kuwa huko ni mbali naye: magari yatokayo bandari ya Mombasa hupita huko kwenda Uganda, na mahindi ya Uganda huingia Kenya kwa njia hiyo hiyo. Lakini chakula kupita mbele ya nyumba si sawa na kuingia ndani yake.

Baina ya mwaka 2000 na 2002, katika zilizokuwa wilaya za Busia na Teso, zilichaguliwa skuli 50 za watoto wadogo. Katika 25, watoto walipewa uji wa asubuhi bila ya malipo. 25 nyengine hazikupewa. Wataalamu Christel Vermeersch na Michael Kremer walipozilinganisha, waliona mahudhurio katika skuli zenye uji yamezidi kwa kiasi cha asilimia 30. Ama masomo, alama zilipanda pale tu ambapo mwalimu alikuwa amefunzwa vyema kazi yake tangu kabla. Tena ugawaji wa uji ulichukua sehemu ya wakati wa kusomesha.

Hali kadhalika minyoo, ambayo humnyang'anya mtoto chakula alichokwisha kula. Dawa yake ilipoanza kutolewa Busia mwaka 1998, katika mpango wa skuli 75, utoro ulipungua kwa robo, lakini alama za mtihani hazikupanda.

Wako watakaosema: basi chakula hakina faida. Hoja hiyo haisimami, kwani mwalimu hodari hawezi kumsomesha mtoto asiyekuja. Wako na wanaotosheka na sufuria: wamelisha, wakadhani wamesomesha. Hao nao wamekosea. Uji humfikisha mtoto mbele ya ubao. Wa kumfunza ni mwalimu.

Hapa ndipo penye suala la haki. Tukiita chakula cha mwanafunzi sadaka, twajipa ruhusa ya kukiacha tukichoka. Lakini sheria ya Kenya ya mwaka 2013 yamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto skuli. Amwitaye mtoto kwa amri amejitwika deni lake: tumbo lisilo na njaa, na mwalimu ajuaye kazi yake. Na mwenye kulipa nusu ya deni angali mdaiwa.

Basi kila mtaa na uiulize skuli yake mambo mawili: ni watoto wangapi wajao bila ya kula, na wakisha kula, ni nani awasomeshaye? Wabillahi tawfiq.