Chakula cha Mama Kimekuwa Haramu Lini?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

 Nawausia kumcha Mwenyezi Mungu, na nitaanza kuiusia nafsi yangu, kwa kuwa kosa nitakalolisimulia nimelifanya mimi.

Mwaka wa pili wa masomo tumbo langu lilikuwa limechoka. Asubuhi chai na mandazi, mchana kikomando, usiku kikomando tena. Chapati na maharage ni rahisi, na hapa Kampala mwanafunzi hawezi kukikimbia chakula hicho. Lakini nilikuwa nakula hadi siwezi kuinama, kisha naenda kuswali isha nikiwa napiga miayo. Kiungulia hakikuniacha. Ndipo nilipoona video za watu wanaokula vitu vibichi tu: matunda, mboga, karanga na mbegu, bila nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali, na bila chochote kilichopita jikoni. Nikasema, hii ndiyo dawa yangu.

Nikawa mteja wa soko la Kalerwe. Papai, nanasi, parachichi, karoti, karanga za kuloweka. Wiki tatu za mwanzo, walahi, nilijisikia mwepesi. Kiungulia kilipungua, na alfajiri niliamka bila kuvutwa shuka. Alhamdulillah. Kama ningeishia hapo, nisingekuwa na cha kuandika.

Lakini nafsi haitosheki na kheri ndogo. Nikaanza kuwatazama wenzangu wakila na kuwaambia wanakula mzoga na majivu. Ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza, mwenye vidonda vya tumbo, alikuwa amepewa dawa za kumaliza. Nikamwambia aziache, ale kabichi mbichi, tumbo litajitibu lenyewe. Akanisikiliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimsomesha tajwidi.

Ikaja Idi ya kuchinja. Nikapanda basi hadi nyumbani, Arua. Mama alikuwa ameamka kabla ya alfajiri. Aliweka mbele yangu nyama ya udhiya, ugali wa muhogo na kunde zilizoungwa kwa simsim, chakula alichokuwa akinipikia tangu utotoni. Nikasukuma sahani mbele ya wageni. Nikasema, "Mama, mimi sili sumu hiyo." Mama hakugomba. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, chakula changu kimekuwa haramu lini?" Kisha akaibeba sahani, akarudi nayo jikoni.

Nilirudi Kampala nikijiona nimeshinda mtihani. Mwezi mmoja baadaye, nikiwa naswalisha isha, niliinuka kutoka sijida nikaona giza. Wenzangu walinidaka. Zahanati walinikuta nimepungua kilo 9, damu imeshuka, na choo kina minyoo, kwa kuwa mboga nilikuwa naziosha kwa haraka tu. Wiki hiyohiyo yule ndugu wa mwaka wa kwanza alilazwa. Maumivu yalimrudia usiku, makali kuliko mwanzo. Pale ndipo nililia.

Ndugu zangu, niliporudi kuyasoma mafundisho ya dini yetu, nilipata mambo matatu.

La kwanza: kujali mwili ni ibada. Salman alimkumbusha Abu Dardaa kwamba nafsi ina haki juu ya mtu, na Mtume (S.A.W.) akathibitisha kuwa Salman amesema kweli. Katika Surat Al-A'raf aya ya 31 tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa israfu. Mtume ametufundisha kwamba ikiwa lazima tule zaidi ya vitonge vichache, basi tumbo tuligawe: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Yeye mwenyewe alikula tende mbichi kwa matango. Basi anayekula matunda mengi na kupunguza mafuta hana lawama. Kosa langu la awali lilikuwa shibe, na shibe ningeitibu bila kukimbia jiko.

La pili: kuacha kitu si sawa na kukiharamisha. Mtume alipoletewa guruguru wa kuchoma hakumla, akaeleza kuwa nafsi yake haijamzoea. Lakini Khalid bin Walid alimla mbele yake, wala hakukatazwa. Na Mtume hakuwa akikitia ila chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya masahaba walioazimia kujibana kwa ajili ya ibada, mmoja wao akisema hatakula nyama. Mtume aliwakemea, akaweka wazi kuwa anayeipa mgongo Sunna yake si katika yeye. Nikajiuliza: mimi niliyeiita udhiya sumu, ilhali Surat Al-Hajj inatuamrisha tule humo na tulishe maskini, nilikuwa nimesimama wapi?

La tatu, nalo ndilo zito: nilitibu bila elimu. Mtume ametuonya kwamba anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi atadhaminika kwa madhara yake. Sisi wasomi wa chuo tuko hatarini zaidi, kwa kuwa watu wanatuamini. Dawa za vidonda vya tumbo zikiachwa katikati huweza kuwaacha vijidudu hai, na safari ya pili wakawa wagumu kuuawa. Muhogo mchungu ukiliwa mbichi una sumu ya sianidi. Maharage mekundu mabichi huleta matapishi na kuhara. Vitamini B12 haipatikani kwa kutegemewa katika mimea, bali katika nyama, samaki, mayai na maziwa, au katika vidonge na vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Moto wa jikoni, ndugu zangu, nao ni neema. Hata kitunguu na kitunguu saumu, ambavyo tumekatazwa kuvila vibichi kisha tuende msikitini, Sayyidna Umar alielekeza viuliwe harufu kwa kupikwa.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Ukitaka kubadili chakula kwa ajili ya afya, mwulize daktari kwanza, na dawa ulizoandikiwa usiziache. Osha matunda na mboga kwa maji safi yanayotiririka. Punguza kabla ya kukata. Na ukikaa kwenye sahani ya watu, kula unachoweza, shukuru, nyamaza kwa kilichobaki.

Yule ndugu nilimwomba radhi akiwa kitandani. Alinisamehe, na dawa alizimaliza. Likizo iliyofuata nilipiga magoti mbele ya mama. Hakusema neno. Alikwenda jikoni, akarudi na sahani. Nilikula kwa bismillahi hadi theluthi yangu, nikamalizia kwa papai.

Ewe Mola wetu, tupe afya ya miili na unyenyekevu wa nyoyo. Utughufirie sisi na wazazi wetu, na usiifanye elimu yetu ndogo kuwa fitina kwa waja Wako. Amin.

Wabillahi tawfiq.