Mafuta ya Shilingi Ishirini

Katika maduka ya Magongo na Chaani, huko Changamwe, Mombasa, mafuta ya kupikia huuzwa kwa kipimo. Mteja huja na chupa yake, hutoa shilingi 20 au 30, humiminiwa, akaenda zake. Jioni yuko pale pale tena. Sukari robo, makaa mkebe, majani ya chai ya birika moja. Ukijumlisha vipimo vya mwezi mzima utakuta amelipia lita ghali kuliko mwenzake anayebeba mtungi mkubwa kutoka supamaketi. Wenye mishahara humtazama wakatikisa kichwa: huyu hana hesabu.

Hesabu anayo, tena kali. Changamwe inaishi kwa kibarua: magodauni, yadi za makontena, gereji, viwanda vya kandokando ya barabara ya Nairobi. Anayelipwa jua likizama hawezi kununua mafuta ya mwezi kwa pesa ambayo bado haijaingia mkononi. Tena kuna sababu ya pili, ambayo haisemwi mbele ya mwenye duka. Katika nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi mmoja, chupa kubwa ya mafuta huonekana, na kinachoonekana huombwa. Kumnyima jirani ni aibu, na kumpa kila siku ni hasara. Mwenye kununua kidogo kidogo anaweza kusema "yamekwisha, mwenzangu" na akawa amesema kweli.

Matatu nazo zina fumbo lake. Gari tupu likifika steji, abiria hubaki nje juani wakilitazama, utadhani wanaogopa viti. Kila mmoja anajua kwamba gari haling'oki mpaka lijae, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kungoja ndani ya bati la moto. Ndiyo maana katika steji nyingi za Kenya hupakiwa kwanza watu wasio na safari: wanalipwa kuketi tu, ili gari lionekane karibu kujaa, kisha wanashuka mmoja mmoja.

Vitendo hivi ni vidogo, lakini vinagusa swali ambalo dini imelichukulia kwa uzito. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inawakataza waumini dhana nyingi, na papo hapo inawakataza kupelelezana. Makatazo hayo mawili yakisomwa pamoja yanambana msomaji. Haruhusiwi kumdhania mwenziwe vibaya, wala haruhusiwi kuchungulia dirishani kwake apate hakika. Sasa atamwelewa vipi?

Jibu linalosikika zaidi kwenye darsa ni husnudhani: mtafutie nduguyo udhuru, na ukikosa mmoja tafuta mwingine, hata ufike sabini. Ni adabu nzuri, ila adabu si maarifa. Anayesema "tumsamehe, labda hakusoma" juu ya yule mnunuzi wa mafuta amemdhania vizuri na bado hajaelewa chochote. Pengine amemdharau zaidi.

Mwongozo bora umo katika kisa ambacho wengi Mombasa hukisoma kila Ijumaa, cha Nabii Musa na yule mja mwema ambaye wafasiri humwita Khidhri, katika Suratul Kahf. Wanapanda jahazi, na Khidhri analitoboa. Musa anashangaa, na ana haki ya kushangaa, maana wenye jahazi ni maskini wanaochuma riziki baharini. Mwisho wa safari sababu inatajwa: mbele yao kulikuwa na mfalme aliyekuwa akinyang'anya kila jahazi zima. Tazama sababu hiyo ilikuwa wapi. Haikuwa siri ya moyo wa mtu. Ilikuwa dhuluma ya mtawala, jambo ambalo baharia yeyote aliyewahi kupokonywa chombo angeweza kulisimulia.

Kisa hicho kina hatari pia, kwani tendo la pili la Khidhri ni kumuua kijana. Katika karne ya kwanza ya Uislamu, Najda, kiongozi wa Makhawariji, alimwandikia sahaba Ibn Abbas kuuliza kama inafaa kuwaua watoto wa maadui. Jibu lililopokewa katika Sahihi Muslim ni kwamba Mtume hakuwaua watoto, na Najda asiwaue, isipokuwa kama anajua alichokijua Khidhri. Kwa maneno mengine, hajui. Udhuru uliofichika haumpi mtu ruhusa ya kujitungia wake.

Zipo sababu zinazofanya kazi kwa kuwa zimefichwa. Mwaka 2002 wanauchumi Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walichapisha utafiti kuhusu vyama vya akiba vya Kibera. Mtu anaweka pesa zisizozaa, anangoja zamu, na angeweza kuziweka nyumbani. Mbona ajisumbue? Waliona kwamba wengi wa wanachama ni wanawake wenye waume, na maelezo yao ni kuwa chama huiondoa pesa nyumbani kabla mume hajaifikia. Mke kama huyo ukimuuliza barazani atakwambia anapenda kukutana na wenzake. Mwache na jibu lake. Hali ya nyumba nyingi imekwisha kujulikana bila mlango wake kubishwa.

Na zipo sababu ambazo hata mwenyewe hazijui. Mtaa wa Owino Uhuru, upande wa Mikindani, ulikuwa ndani ya jimbo la Changamwe hadi Jomvu ilipokatwa kuwa jimbo la peke yake kabla ya uchaguzi wa 2013. Kando ya mtaa huo kiwanda kiliyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari. Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo, alimwona mwanawe mchanga akitibiwa maradhi mengine kabla ya damu yake kuonyesha sumu ya risasi. Sumu hiyo hupunguza uwezo wa mtoto kujifunza, humtia hasira na kumvuruga makini. Mwalimu asiye na habari angemwita mtundu, na bibi angetafuta kombe. Husnudhani ya mtaa mzima isingeligundua jambo hilo; lilihitaji sindano na maabara, ingawa moshi wenyewe kila mtu aliuona.

Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha 2024. Watoto wa wakati ule sasa ni vijana, baadhi yao wa umri wa kutafuta kibarua. Msimamizi wa godauni atakapomwona mmoja akisahau agizo alilopewa dakika kumi nyuma, atakuwa na neno tayari mdomoni, na hakuna fomu ya kazi inayouliza mtu alivuta hewa ya mtaa gani akiwa mdogo.