Maji ya Udhu na Paka wa Mwaloni

Paka wa soko la samaki la Mwaloni hawali sangara. Wanakula kinachobaki watu wakishagawana. Minofu huenda viwandani na kutoka huko husafiri ng'ambo. Mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki, yana wanunuzi wake, na bei yake haitajwi kwa sauti kubwa. Mapanki, yaani kichwa na mgongo, jirani yangu huyakaanga na kuyauza kwa mafungu. Fungu la paka ni matumbo na mashavu, na hata hayo huyagombania na makorongo wenye vipara ambao hapa Mwanza tumewazoea kama tulivyowazoea makondakta.

Nilipostaafu ualimu nilianza kubeba ndoo ya matumbo hayo kila alasiri hadi uani kwangu, Kirumba. Nilijiona mtu wa huruma, na ushahidi wa dini nilikuwa nao. Abu Huraira, sahaba aliyesimulia hadithi nyingi kuliko wenzake wote, alijulikana kwa lakabu yenye maana ya baba wa paka mdogo. Abu Qatada naye aliwekewa maji ya udhu na mke wa mwanawe, paka akasogea kutaka kunywa, mzee akamwinamishia chombo. Mkwewe alipomkodolea macho, alimweleza kuwa Mtume alifundisha kwamba paka si najisi, ni katika hao wanaotuzunguka majumbani.

Mwaka wa kwanza walinizunguka 6. Mwaka wa tatu, mimi na jirani tulipowahesabu usiku kwa tochi, walikuwa 23, wakiwamo mashume wawili wenye vichwa kama ngumi. Hesabu yake ni ya darasani: jike huweza kushika mimba akiwa na miezi sita hivi, huibeba takriban siku 63, huzaa watatu au wanne, na huweza kupata mimba nyingine hawa wakiwa bado wananyonya. Watoto wengi hawakuuona mwezi wa pili. Niliwaokota mtaroni, macho yamegandana kwa usaha.

Kisha mtu akatia sumu kwenye vichwa vya samaki. Ni nani, hatukujua. Asubuhi tuliokota paka 9, makorongo 2 na mbwa wa mlinzi. Wapo waliosema afadhali. Wiki chache baadaye panya walikuwa wanatoboa magunia ya dagaa, na miezi mitatu haijaisha paka wengine wakawa wameshashuka kutoka Kitangiri, kwa kuwa matumbo yalikuwa pale pale. Tukahesabu tena: 21.

Hapo ndipo nilipomfikiria upya yule mwanamke aliyeadhibiwa motoni kwa sababu ya paka. Tumemsikia tangu madrasa: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie wadudu wa ardhini. Siku zote nilidhani kosa lake ni uchoyo. Sasa naona alishika mamlaka juu ya kiumbe, akaitupa dhamana iliyokuja pamoja nayo. Mimi nami nilikuwa nimeshika nusu. Chakula nilitoa mimi. Hesabu ya vizazi nikamwachia mtia sumu.

Nikamwendea sheikh wa msikiti wetu kumuuliza habari ya kuwafunga kizazi.

"Mwalimu," akasema, "sisi ni Mashafii. Imamu Nawawi amesema mnyama asiyeliwa hahasiwi. Beberu sawa, akiwa mdogo. Paka, hapana."

Nikamjibu kwamba Mahanafi wanaruhusu penye maslahi. Nikaongeza kwamba Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia, aliyefariki 2001, aliona paka wakizidi wakawa kero, kuwahasi bila kuwadhuru ni bora kuliko kuwaua wakiwa wameshaumbwa.

Akatabasamu. "Fatwa umekuja nayo mfukoni. Sasa umekuja kuuliza, au kushinda?"

Swali hilo sijalijibu mpaka leo. Hoja ya Nawawi sina cha kuimaliza. Paka hakuniomba kitu, na ninachomwondolea alipewa na Muumba wake. Anayesema hili ni jambo dogo la kitabibu hajamshika jike anayezinduka kutoka kwenye nusukaputi, anatetemeka ndani ya tenga. Lakini siwezi pia kusema ni mambo ya Mungu, mimi simo. Matumbo tuliyamwaga sisi. Mwenye kualika hawezi kuwakana wageni eti kwa sababu ukumbi umejaa.

Jirani yangu ni Mkatoliki, na Biblia yake anaijua. Aliniambia kwamba humo paka ametajwa mahali pamoja tu, sura ya sita ya Baruku: wamekaa juu ya sanamu za Babeli, pamoja na popo na mbayuwayu.

"Paka wenu wameingia kwenye udhu," akacheka, "wetu wamekalia miungu ya watu. Wanajua kipi mungu na kipi gogo." Akageuza mapanki kwenye karai. "Kwa hiyo tusijifanye miungu, mwalimu. Tuwafunge kizazi, halafu tuendelee kuwalisha."

Tulianza na majike. Yeye huwaita kwa kugonga sufuria. Mimi husubiri na tenga na kipande cha wavu wa dagaa. Daktari wa mifugo huwafunga kizazi, huwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa, na wakiwa bado wamelala huwakata ncha ya sikio la kushoto, asije mmoja akapasuliwa mara mbili. Wakipata nguvu tunawarudisha pale pale, maana nafasi ikibaki wazi penye chakula, Kitangiri wapo wa kuijaza. Lamu kazi ya namna hii imefanyika miaka mingi. Nchini kwetu kumtesa mnyama ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Matumbo siku hizi yanakaa kwenye pipa lenye mfuniko, yanatolewa kwa kipimo.

Kati ya majike 11 tumeshawapata 8. Watatu hawakamatiki. Mmoja wao amezaa wiki iliyopita chini ya mtumbwi uliopinduliwa, watoto wanne, na jirani ameshawapelekea gunia la kulalia.

Alhamisi nilikuwa uani natia udhu. Yule wa kijivu, mwenye sikio lililokatwa, akaja akasimama karibu na maji. Nikafurahi. Nikamwinamishia kopo, kama Abu Qatada. Akanitazama, akarudi nyuma hatua mbili. Tenga hajalisahau. Nikaliweka kopo chini, nikaingia ndani, ili anywe mimi nisiwepo.