Nani Aketi Kando ya Mtoto?



Siku hizi wazazi wakikutana, iwe mbele ya kanisa baada ya Misa au katika jumuiya zao, mara nyingi huzuka mabishano juu ya michezo ya televisheni itengenezwayo kwa ajili ya watoto wadogo. Baba mmoja huisifu, kwa kuwa mwanawe wa miaka 4 amejua kuhesabu hadi 20 kabla ya kupelekwa shuleni. Mama mwingine huilaumu, kwa sababu mtoto wake hakubali kula pasipo kutazama katuni, na ikizimwa hulia kama aliyepigwa. Wa tatu husema waziwazi kwamba hajali ni mchezo gani, maadamu mtoto ametulia, naye apate kupika na kufua. Kila mmoja ana sababu yake, wala hatupendi kumdharau hata mmoja. Lakini twaona kwamba wote watatu waulizana habari za chombo, na kumbe swali kubwa ni habari za mtu: Je, nani aketi kando ya mtoto wakati atazamapo?

Na tuanze kwa kusema kweli: michezo mizuri ipo. Hapa kwetu, shirika la Ubongo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, limetunga mchezo uitwao Akili and Me. Humo mna msichana wa miaka 4, Akili, akaaye na jamaa yake chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye kila alalapo usingizi huingia katika nchi ya ndoto na kujifunza pamoja na rafiki zake wanyama. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa Morogoro, na kutangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba waliotazama mchezo huo waliendelea katika kuhesabu na kuchora kuliko wenzao waliotazama mchezo mwingine. Basi asemaye kwamba televisheni haiwezi kumfundisha mtoto lolote jema amepita kiasi.

Hata hivyo, si kila umri ufundishwao hivyo. Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walitangaza habari ya kutufikirisha. Walichukua watoto wachanga wa miezi 9, waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza, wakawapa nafasi ya kusikia Kichina katika vikao 12. Wengine waliketi na Mchina mwenyewe, akawasomea vitabu na kucheza nao. Wengine waliwaona Wachina wale wale, na kusikia maneno ya namna ile ile, lakini katika televisheni. Mwisho walipopimwa, wale walioketi na mtu waliweza kuzitambua sauti za Kichina. Wale wa televisheni hawakupata kitu, wakawa sawa na watoto ambao hawakusikia Kichina kabisa. Sauti ilikuwa ile, na sura ilikuwa ile. Kilichokosekana ni mtu wa kumtazama mtoto machoni na kumwitikia.

Wahenga wetu walijua jambo hili kabla ya wataalamu. Walisema mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina. Mwanzo wa elimu yote ni yule ambebaye.

Hata watungaji wa michezo hiyo wameufahamu ukweli huo. Mchezo mashuhuri wa Sesame Street, ulioanza kuonyeshwa Marekani tarehe 10 Novemba 1969, ulitiwa makusudi mizaha ya kuwachekesha watu wazima, ili baba na mama wavutwe kuketi pamoja na watoto wao. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asiwekwe mbele ya televisheni wala simu, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Na mtoto akiwa ametulia mahali pamoja, lilihimiza asomewe na kusimuliwa hadithi na mlezi wake.

Kwetu sisi Wakristo neno hili si geni. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, Mungu awaagiza wazazi wawafundishe watoto wao maneno yake wakiwa nyumbani na njiani, jioni na asubuhi. Hakuwaagiza watafute mtu mwingine wa kusema kwa niaba yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliwakumbusha wazazi wajibu wao wa kulinda nyumba zao zisiingiwe na maonyesho yenye kudhuru maadili. Lakini kuulinda mlango ni nusu ya kazi. Mwaka 1965 Mtaguso huo huo ulifundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Na mwalimu asiyekuwapo darasani hafundishi.

Twajua mtasema: Padre, kazi ni nyingi na siku ni fupi. Ni kweli. Mama aliyetoka sokoni jua likizama, na moto haujawashwa, hatumhukumu akimwacha mtoto mbele ya katuni kwa nusu saa. Twaomba mambo machache tu yawezekanayo. Kabla ya kuusifu au kuulaumu mchezo wowote, utazameni mzima pamoja na mtoto, tangu mwanzo hata mwisho. Ukiisha, mwulizeni ameona nini, naye awasimulie kwa maneno yake. Wakati wa chakula na wa sala, chombo kizimwe. Binti wa kazi, ambaye katika nyumba nyingi ndiye akaaye na mtoto mchana kutwa, aelezwe kwa upole na heshima mtakayo, maana naye ni mlezi. Na baba anayeinamia simu yake jioni nzima ajue kwamba mwanawe amtazama yeye kwanza.

Mtoto wa miaka 3 hatarudia kuwa wa miaka 3. Maswali aulizayo leo, asipopata wa kumjibu, kesho ataacha kuyauliza, na nyumba itakuwa kimya. Basi wazazi, leo jioni ketini kando yake, hata kwa robo saa tu, mkamsikilize. Bwana wetu, aliyelelewa Nazareti mikononi mwa Maria na Yosefu, azibariki jamaa zenu.